Spea za Ruiru

Kila Jumamosi, akitoka kiwandani, mume wangu Zacharia alipanda baiskeli kwenda Ruiru kutafuta spea za gari, na mimi nilibaki Thika nikisaga meno. Gari lenyewe hamkuliona, na hamjapoteza kitu. Lilikuwa la zamani kabisa, la magurudumu yenye spoki za mbao, alilonunua kwa mzungu wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Mwaka huo wa hamsini na moja watu walikuwa wamekwisha sahau kwamba magari ya namna hiyo yaliwahi kutembea. Zacharia alilijengea banda la mabati nyuma ya nyumba. Jiko langu lilikuwa la nyasi, na lilivuja.

Spea hazikuwepo. Swaran Singh, fundi mwenye gereji karibu na stesheni, alifungua boneti akacheka mpaka akaketi chini.

"Zakaria, hii gari baba yake nakufa, babu yake nakufa," akasema. "Spea yake hata Nairobi hapana."

Ndipo Zacharia aliposikia habari za dereva mmoja wa Ruiru aliyeachiwa gari kama lile na tajiri wake. Dereva alifariki kabla hajalitengeneza, nalo likabaki uani kwa mjane wake, kuku wakitaga juu ya kiti. Mjane aliitwa Nyawira. Nililisikia jina hilo jioni moja tukila, na sikulipenda hata kabla sijapata sababu.

Siku ya kwanza alirudi na kabureta. Alikuwa ameifunga katika leso safi, iliyopigwa pasi. Nikauliza ni nani anayepiga pasi leso ya kufungia chuma chenye grisi.

"Ni mtu msafi," Zacharia akasema.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfulia suruali za kiwanda cha ngozi, zinazonuka mpaka mbwa wanazifuata, na sikuwahi kuitwa mtu msafi.

Sasa leso ya mtu lazima irudi, na kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikafunga sukari katika ile leso nikampa apeleke. Akarudi na taa ya mbele, imefungwa katika leso nyingine. Nikafunga majani ya chai. Akarudi na hendeli ya kuwashia. Nilijua ninamnogesha mwanamke wa watu kwa sukari yangu, lakini ningefanyaje? Ningeacha leso iende tupu ili Ruiru nzima iseme Zacharia ameoa mchoyo?

Wivu uliniingia kama moshi wa kuni mbichi. Alianza kunyoa ndevu Jumamosi badala ya Jumapili ya kanisa. Siku moja akaniambia chai hunoga ikitiwa tangawizi.

"Nani kakwambia?"

"Watu husema."

Watu! Nilimwaga ile chai nje, na yangu pia. Tulikuwa tumefunga ndoa ya pete mbele ya mchungaji, kwa hiyo nilijua hawezi kuniletea mke mwenza mlangoni. Lakini mtu akiwa na baiskeli hahitaji kumleta yeyote.

Swaran ndiye aliyenitonesha kidonda. Nilipita gereji yake nikitoka sokoni, akaniita.

"Mama Wamboi, kwa nini mzee hapana leta spea yote mara moja? Naleta moja, moja, kama mtu nakula njugu."

Hapo nikaona nimeelewa kila kitu. Yule mjane alikuwa akimpimia! Anampa nati leo na sukurubu wiki ijayo, asije akakoma kuja. Kesho yake nikavaa gauni la kanisani nikapanda basi. Njia nzima, tukapita Kalimoni mpaka tukafika darajani Ruiru, nilikuwa nikipanga maneno, na si maneno ya kusema mbele ya mchungaji.

Nilimkuta uani, chini ya kamba iliyojaa nguo za wazungu aliokuwa akiwafulia, akipiga pasi. Nilikuwa nimeomba awe mbaya wa sura, au awe mzuri kupita kiasi nimchukie vizuri. Hakuwa hivi wala vile, na jambo hilo liliniudhi zaidi.

"Mimi ni mke wa Zacharia wa Thika," nikasema.

Nilitaka kumwona akishtuka. Badala yake aliweka pasi chini akanishika mikono yote miwili.

"Ngai! Hatimaye amekutuma. Umekuja na lori?"

"Lori la nini?"

"La kubeba hiki kitu!" Akaonyesha gari, limezama kwenye majani mpaka milangoni. "Nilimwambia siku ya kwanza alichukue lote, bure, mimi nataka mahali pa kupanda viazi. Shemeji yangu alijitolea hata kutoa mkokoteni wake. Akakataa. Akasema atachukua kidogo kidogo. Basi anakuja, anafungua nati moja, anakaa. Anakunywa chai, anakaa. Mimi nafua, napiga pasi, yeye ananitazama tu. Mama, huyo mzee hana kazi huko kwenu?"

Nilikuwa nimekuja kugombana, na mtu wa kugombana naye hakuwepo. Lakini msidhani wivu ulipungua. Ulizidi. Mwanamke huyu alitazamwa na Zacharia alasiri nzima na kwake ilikuwa usumbufu, kama nzi. Mimi hakuwa amenitazama hivyo tangu Wamboi azaliwe, na Wamboi alikuwa ameshaanza shule.

"Nitalichukua lote," nikamwambia.

Odhiambo, dereva wa Chunilal muuza mbao, alikuwa akirudi Thika na lori tupu kila alipopeleka mzigo Nairobi. Nilimbembeleza, akakubali kupitia Ruiru. Tulilipakia lile gari zima, Nyawira akisukuma kwa bega kuliko sisi sote, tukaenda kulishusha kwa Swaran. Zacharia alipotoka kazini akalikuta pale, limezungukwa na watu.

"Umeleta lote?" akauliza.

"Lote. Hata kuku mmoja amekuja nalo."

Akasema asante, kwa sauti ya mtu anayepokea rambirambi.

Swaran alilivua la Ruiru likabaki mifupa, akalivisha la kwetu. Siku lilipowaka, majirani walipiga vigelegele, akina mama wakanipongeza, na mimi nikacheka nao. Nilijiona nimeshinda. Sasa aende kutafuta nini huko?

Jumamosi Zacharia alirudi kutoka kiwandani, akaoga, akavaa shati jeupe. Alizungusha hendeli, injini ikaitika mara moja. Nilitoka jikoni nikikimbilia ule mlio.

"Unaenda wapi?"

"Ruiru. Kumwonyesha Nyawira limewaka." Alikuwa akipangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. "Ni kumshukuru tu, Mama Wamboi. Kwa gari sasa si mbali."

Mimi ndiye niliyembembeleza Odhiambo, mimi ndiye niliyevimba mikono kwa kupakia vyuma, na mimi ndiye niliyemfupishia njia. Lakini sikufoka. Nilifungua mlango wa upande wa pili, nikapanda, nikaketi kando yake na unga wa ugali bado vidoleni.

"Twende basi," nikasema. "Mimi pia namshukuru."

Aliketi mikono ikiwa juu ya usukani, akitazama barabara, na injini ikinguruma vizuri, haikosi hata pigo moja. Nilimsubiri aingize gia. Nilimsubiri anitazame.

Akanyoosha mkono, akazima injini.

"Tutaenda siku nyingine," akasema, akashuka.