Kisiki cha Mpichi

Chak! Chak! Chak!

Mlio wa mkasi ulipenya ukungu kutoka huko juu kilimani, na Anselme Perrachot, ambaye hakuziona hata ncha za viatu vyake, akatabasamu. Aliujua mkono ule. Katika Burgundi nzima, jimbo la mizabibu huko Ufaransa, hakuna aliyekata zabibu kwa hasira kama Bibi Huguette Bourdillat. Kila kikonyo alikikata kana kwamba kimemtukania wazazi.

"Maskini, bado yuko kazini," Anselme akajisemea, akalikumbatia jagi lake na kuendelea kupanda.

Jagi lilikuwa na maji ya zabibu alizovuna jana. Zabibu zake! Maisha yake yote alikuwa amevuna za mjomba wake Firmin. Mwaka huu mjomba alimpa ile mistari ya mizabibu iliyo katikati ya kilima, akamwambia, "Mavuno haya ni yako, tangu mkasi mpaka pipa. Ukiniaibisha, mistari inarudi kwangu, na wewe unarudi kuosha mapipa."

Na katikati ya kilima si mahali pa mchezo. Kule chini kando ya barabara udongo ni mzito, na divai yake mtu huinywa huku akiwaza mambo mengine. Kule juu karibu na msitu ni mawe na baridi. Utajiri uko katikati, ndiyo maana kila ukoo una mistari yake pale. Babu kafa, kawagawia watoto. Watoto wamekufa, wamewagawia watoto wao. Sasa mistari ya huyu imelala ubavuni mwa mistari ya yule kama nywele zilizosukwa, hakuna ukuta wala uzio.

Jana jioni Anselme alizunguka mgahawani na jagi hilo hilo, akimwonjesha kila mwenye mdomo. Alipokwisha kusifiwa akapanda juu ya kiti, akatamka:

"Ya Huguette ni ya kunawia miguu, ya kwangu ni ya kunywesha wakuu!"

Watu walicheka hadi wakapaliwa. Leo alikuwa anampelekea mwenyewe Huguette, aonje kwa ulimi wake.

"Hodi huko! Hujambo, Bibi Huguette?"

Mkasi ukanyamaza. "Sijambo, mtoto wa Perrachot. Sauti nimeisikia. Kichwa nacho kimefika, au bado kinapita njiani kwa shida?"

Ukunguni wanawake wavunaji wakacheka. Anselme hakujali. Mwenye ushindi hagombani.

"Nimekuletea dawa, Bibi. Onja, ujue zabibu iliyolelewa vizuri ina ladha gani."

Mkono uliokunjamana ukatokeza, ukalichukua jagi. Likasikika funda moja, kisha jingine refu zaidi.

"Mmh. Tamu."

"Si nilikwambia?"

"Tamu kweli. Hebu isifu kidogo, nasikia jana uliisifu vizuri."

Anselme hakusubiri kuombwa mara ya pili. Aliusifu utamu, akasifu harufu ya udongo baada ya mvua, akasifu rangi ambayo hapo alipo hakuweza hata kuiona. Kwa kila sifa Bibi Huguette aliitikia "Naam" na "Sema tena", kama mama anayesikia mwanawe akisifiwa harusini.

"Na ukiilinganisha na yangu?"

"Bibi, tusivunjiane heshima asubuhi yote hii. Hiyo na yako ni farasi na punda."

"Yangu ndiyo punda?"

"Umesema mwenyewe."

Wavunaji wakaangua kicheko kikubwa, kikubwa kuliko mzaha wenyewe, na hapo ndipo Anselme alipoanza kuhisi kwamba huenda haelewi anachochekewa. Upepo ukavuma kutoka msituni. Ukungu ukapasuka, jua likaingia, naye akamwona Bibi Huguette ameketi mwanzoni mwa mstari, mkasi mapajani, jagi mkononi. Ameketi juu ya kisiki.

Kisiki kilikuwa kimekatwa laini kama meza. Anselme aliukumbuka msumeno, kwa kuwa ulikuwa wake.

"Bibi," alisema taratibu, "umekalia nini?"

"Kiti ulichonichongea wakati wa baridi."

Miaka mingi mpichi ulisimama hapo. Mvunaji yeyote, hata aliyelewa, alijua: kushoto kwa mpichi ni kwa Perrachot, kulia ni kwa Bourdillat. Anselme aliukata akidai kivuli chake kinakula jua la zabibu zake. Huguette alimpigia kelele siku ile: "Utapotea kwako mwenyewe!" Naye akamjibu kwamba mwanamume hahitaji mti kumwonyesha kwao. Halafu jana, ndani ya ukungu mzito kama uji, akawaongoza wavunaji wake yeye mwenyewe, kifua mbele.

"Kwa hiyo jana..."

"Jana ulivuna mistari yangu yote, mwanangu, tena kwa bidii. Hata ndege hukuwaachia kishada. Nimefika leo nikakuta majani matupu. Nikasema, kijana kanipunguzia kazi, nami nisimfanyie choyo. Nikaanza kuvuna yake." Akalinyanyua jagi. "Farasi wangu hajambo. Huyo punda wako yumo kwenye kreti."

Anselme akatazama kreti. Zabibu alizozipogolea, alizozinyunyizia dawa, alizozihangaikia usiku wa barafu, zilikuwa zimejaa ndani ya kreti zenye jina la Bourdillat. Kutoka chini ukasikika mngurumo wa trekta.

"Mjomba! Bibi, nakuomba. Akijua, mistari imekwenda."

"Mimi nina neno gani? Nimekaa tu kwenye kiti changu."

Angeweza kunyamaza. Zabibu zote ni nyeusi, zote za kilima kimoja. Lakini ingebidi divai yake ya kwanza duniani aibandike jina la Perrachot, na ndani yake awe Huguette. Angepokea sifa za jasho la mwingine maisha yake yote. Kiburi kile kile kilichomponza kikakataa katakata.

Trekta likasimama. Mjomba Firmin hajagusa ardhi, Anselme akasema, "Mjomba, nimevuna mistari ya Bibi Huguette. Pipa langu lote ni lake."

Firmin akamtazama mpwawe, akakitazama kisiki, akamtazama Huguette. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Huguette, anajua?"

"Hajui. Mwambie."

"Mpichi huo uliukata wewe, Anselme, lakini aliyeupanda ni babu yako. Aliupanda baada ya kuvuna kwa makosa mistari ya baba yake Huguette, katika ukungu kama wa jana. Alikuwa na umri kama wako." Akajifuta machozi ya kicheko. "Na mdomo kama wako."

"Na mistari?" Anselme aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Amesema mwenyewe kabla sijauliza. Mistari niliyompa inabaki yake. Zabibu, muulize mwenye kreti."

Bibi Huguette akafikiri, bila haraka.

"Zabibu kwa zabibu. Chukua zako. Zangu zitoe kwenye pipa lako kwa ndoo, uzipitishe mbele ya mgahawa mchana watu wakiwa wanakula. Wakikuuliza umebeba nini, watamkie tena ule utenzi wako, ila safari hii majina uyapange sawasawa."

Anselme akaitikia: "Sawa, Bibi."

"Na kiti changu? Nitakalia kisiki mpaka lini?"

Akavua kofia. Wavunaji wote walikuwa wameacha mikasi.

"Bibi Huguette, mbele ya mjomba na mbele ya hawa wote: baridi hii napanda mpichi hapa hapa, naumwagilia kwa mkono wangu, na pichi la kwanza ni lako."

"Mpichi huchukua miaka kuzaa, wewe. Mimi umri huo ninao?"

"Uwe nao, Bibi! Kazi yako ni kuwepo, yangu ni kulileta. Nakuahidi, nitakuja nalo mwenyewe nikubishie hodi, na hata kukiwa na ukungu, mlango wako sitaukosea."