Sauti ya Mwewe

Sajenti alikaa kwenye benchi la mashahidi kama aliyekalia miiba. Mbele yake, koplo wa redio alikuwa amekata rufaa kupinga ripoti ya utendaji iliyomwita mzembe. Daktari alishasema si uzembe, ni ugonjwa wa wasiwasi, na kijana ameishi nao miaka bila kujua.

"Daktari kamwona juzi tu," alisema kapteni aliyeandika ripoti. "Mimi nilimsikia redioni mwaka mzima. Jina lake hewani ni Mwewe, na Mwewe hakuwahi kubabaika. Sajenti alipokwenda likizo ndipo akaanza kudeka, redio inaita, yeye kaduwaa! Huo ugonjwa ulijificha wapi?"

Koplo aliinamisha kichwa, hakumtaja mtu. Hapo roho ikazidi kumsuta sajenti. Kila mara kijana alipoanza kutetemeka na kukosa pumzi, yeye ndiye aliyempokonya kipaza sauti akajibu badala yake. "Kapumzike mwanangu, yatapita," alimwambia, akajiona msamaria. Mficha uchi hazai, na huyo anaficha uchi wake mwenyewe. Yeye sajenti kamfichia mwenzake, mpaka hakuna aliyeuona ugonjwa.

"Una la kuongeza, sajenti?" mwenyekiti wa baraza la rufaa aliuliza.

Sajenti alisimama wima. Alimgeukia kapteni, akakunja ngumi mbele ya mdomo kama aliyeshika kipaza sauti.

"Mwewe hapa. Nakupata vizuri, ova."

Kalamu ilimponyoka kapteni. Ilikuwa sauti ileile aliyoisikia mwaka mzima.