Karanga za Conjesta

Kwenye video ya harusi ya mwisho ya ukoo, Fausta anaonekana kiwiko tu. Kiwiko kimoja, nyuma ya Conjesta, wifi yake, aliyeongoza msafara wa zawadi ukumbi mzima akiyumba kama gari la matangazo. Sasa Jumamosi ilikuwa sendofu ya Mercy kule Itumba, na Fausta aliapa kwamba safari hii kamera itamkuta mbele.

Conjesta naye hakutaka kuachia. Mercy alipochoka kuwaamua, akawaambia Fausta, shangazi yake, na Conjesta, mama yake mkubwa, wacheze karata za poka palepale saluni kwa Fausta, dau liwe karanga. Atakayebaki na nyingi ndiye ataongoza. Mchezo wenyewe waliujua kwa Fanuel, mume wa Conjesta na kaka yake Fausta, dereva wa lori aliyejifunzia kwenye foleni ya mpaka.

Wakawa wamefika mkono wa mwisho, na karata ya mwisho imeshafunuliwa mezani. Wafalme wawili, tisa, nne, mbili. Tatu kati ya hizo ni kopa. Fausta alikuwa na kopa mbili mkononi. Kopa tano, jamani! Za kuzishinda labda wifi awe na mfalme wa tatu na jozi juu yake.

Conjesta akagonga meza, maana yake haongezi kitu.

"Zamu yako, bamayo. Weka au gonga. Tapali ubwafya, sina haraka."

Fausta akashtuka. Hicho ndicho Kibemba ambacho Conjesta huwamwagia wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye duka lake la vitenge, kwamba hakuna shida, wajisikie huru. Mteja akishakisikia, ujue anatoka na kitenge ambacho hakukitaka.

Akiweka zote, na kama ni mtego, msafara umekwenda. Akigonga, hata akishinda kile kirundo kidogo cha katikati, bado Conjesta ana mlima wa karanga mbele yake. Afanyeje? Akaamua kwanza ajipe muda.

"Hivi wifi, ya Balthazar umeyasikia?"

"Balthazar wa mashine ya kusaga?"

"Huyohuyo. Gari la Zambia limesimama kwake mchana kweupe."

"Weee! Kashuka nani?"

Mkono wa Conjesta ukaenda wenyewe kwenye mlima, ukachota, ukapeleka mdomoni. Fausta akauona. Akazishusha karata zake taratibu, akaegemea kiti.

"Mwanamke."

"Mwanamke!" Akachota tena.

"Na sanduku."

"Sanduku kubwa?" Kutafuna kukaongezeka kasi. "Na mkewe alikuwepo?"

"Si ndiye aliyelipokea!"

Mercy akafungua mdomo kusema kitu. Fausta akamkanyaga mguu chini ya meza, akaendelea: viatu vya mgeni, wigi la mgeni, mgeni alivyomwita Balthazar kwa jina la utotoni. Kila kipande cha habari kiliondoka na konzi ya karanga. Mlima ulipokuwa kichuguu, Fausta akagonga meza.

"Na mimi nagonga. Tufunue."

Conjesta akapiga karata zake chini kwa kishindo. Mfalme na tisa. "Wafalme watatu, tisa mbili! Ungeweka leo ungelia, mwana wa watu!" Akakikomba kirundo cha katikati.

Mercy akahesabu upande huu, akahesabu upande ule, akarudia.

"Shangazi ndiye mwenye nyingi."

Conjesta akajitazama mapajani. Maganda mekundu yalikuwa yamemjaa mpaka kwenye pindo la kitenge.

"Lakini nilizokula ni zangu!"

"Zako kabisa, mama mkubwa," Mercy akasema, akijikaza asicheke. "Ila msafara hatuuhesabii tumboni."

Conjesta akafyonza, akajipangusa kama mtu anayekwenda kukata rufaa. Halafu akamsogelea wifi yake.

"Sawa, ongoza. Ila huyo mwanamke ni nani?"

"Nitakumalizia Jumamosi," Fausta akasema, akizoa karanga zake. "Kwenye msafara kaa nyuma yangu, karibu na kiwiko."