Kobe Hana Mkono

Katika mtaa ule, ukimwita mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake, huenda asigeuke. Jina la wazazi lilikuwa la shuleni, la hospitalini na la polisi. Jina lenyewe, la kuitwa dukani, la kutaniwa na la kubembelezewa, mtu alipewa na Kobe.

Kobe alikuwa mwanasesere wa kitambaa, mwenye gamba la vipande vya ngozi na shingo ndefu kama soksi. Aliishi katika Ukumbi wa Pazia, ambako kampuni ya Pazia ilikuwa ikichezesha wanasesere tangu babu za watu wakiwa na meno yote. Mtoto akifika umri wa kuanza shule alipelekwa huko Jumamosi, amevalishwa nguo yake bora. Mwisho wa mchezo alipanda jukwaani. Kobe akachomoza kichwa taratibu, akamtazama, akamuuliza swali lile lile wanaloulizwa wote: "Umekuja na nini?" Mtoto akajibu alivyoweza. Kutokana na jibu Kobe akampa jina, ukumbi mzima ukalirudia mara tatu, na jina likanasa kama ulimbo.

Ndivyo fundi mmoja wa bomba alivyoitwa Nusu Mkate, maana ndicho alichokuwa nacho mfukoni siku hiyo. Ndivyo dalali mmoja, ambaye siku hizi sauti yake hufika kabla yake, alivyoitwa Kimya: alipoulizwa alishikwa na woga akatulia kama maji mtungini. Na ndivyo msusi mwenye saluni ya kona, dada yake Nusu Mkate, alivyoitwa Cheche. Kaka yake alikuwa amemnyang'anya kiti cha mbele, naye alipoulizwa amekuja na nini alijibu mbele ya kadamnasi: "Na hasira."

Cheche alikuwa na binti mmoja. Sare ya shule ilikuwa imeshashonwa, jino la kwanza limeshang'oka, na jina hana. Nyumbani walimwita Mdogo, jina la kushikiza tu, kama kitambaa kilichobanwa kwa pini kikingoja cherehani. Jibu la Kobe alikuwa nalo tayari. Kila akidadisiwa alifumba mdomo.

"Sikwambii wewe, mama. Namwambia yeye."

Ndipo akaja mkurugenzi mpya wa Pazia.

Alikuja na viatu visivyotoa sauti na maneno yenye kelele nyingi. Hakuwa mtu wa pale, na hilo si kosa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini huyu alikuja mwenyeji augue. Kwanza alimstaafisha bibi aliyekuwa akimvaa Kobe mkononi. Mwanamke aliyekaa nyuma ya pazia maisha yake yote bila kuuliza ni saa ngapi, wakamuaga kwa zawadi ya saa ya ukutani. Kisha Kobe mwenyewe akafungiwa katika kabati la kioo kwenye ukumbi wa mbele, na kibao juu yake: TAFADHALI USIGUSE. Halafu ikatangazwa kwamba kuwauliza watoto mmoja mmoja kunachelewesha onyesho linalofuata. Kuanzia sasa Kobe atakuwa katuni kwenye skrini, atawaita watoto wote jina moja zuri, Nyota, na kila Nyota atapewa beji yenye namba yake.

Habari hiyo iliingia saluni Cheche akiwa amefika nusu ya kichwa cha mke wa Kimya.

"Namba?" Chanuo likasimama hewani. "Mtoto wangu apewe namba? Kwani ni gari?"

"Wanasema wamefanya kwa ajili yetu," alisema Kimya, ambaye alikuwa amemleta mkewe kusukwa na kwa kawaida yake akabaki kusimamia. "Tangazo limeandika, 'Tumewasikiliza ninyi, familia yetu.'"

"Wamemsikiliza nani? Wewe wamekusikiliza?"

"Mimi? Mimi hata nyumbani sisikilizwi."

"Unasikilizwa na mtaa mzima," alisema mkewe bila kugeuka, maana kichwa wakati huo kilikuwa cha Cheche. "Hata wasiotaka."

Cheche hakucheka. "Kitu kuharibika si ajabu, vitu huharibika. Lakini mtu akuvunjie chungu, halafu akushukuru kwa kumpa wazo? Huku si kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa? Familia yetu! Familia gani baba hajui jina la mtoto hata mmoja?"

Akavuta msuko mpaka mke wa Kimya akashika nyusi zake kuona kama bado zipo.

Jioni ile saluni ilijaa hadi barazani. Walikuwa wameshapeleka wajumbe, na wajumbe walikuwa wameshapewa maji ya kunywa na kuambiwa kwamba maoni yao ni muhimu sana. Sasa walikubaliana jambo moja: siku ya kufungua onyesho jipya, mtu asikanyage. Viti vitupu vitasema wenyewe. Na atakayekwenda, jina lake limrudie Kobe, awe mtu wa jina la polisi tu. Wakaapa mmoja mmoja kwa majina yao ya ukumbini. Cheche aliapa kwa sauti kuwashinda wote.

Hapo ndipo wapenzi wa Pazia walipofanya kosa ambalo ni wao tu wangeweza kulifanya. Kila mmoja alirudi nyumbani akamkuta mtoto.

Cheche alimkuta Mdogo amepanga mito sakafuni iwe ngazi, akifanya mazoezi ya kupanda jukwaani. Anapanda, anavuta pumzi, anafumba ngumi, anashuka, anaanza upya.

"Mama, kama watu wote hawaendi, Kobe atabaki na nani?"

Usiku ule usingizi ulimpaa Cheche. Watu wote wakigoma, aliwaza, ukumbi utakuwa mtupu tu. Mwanamke mmoja na mtoto mmoja, kiti cha nyuma kabisa, nani atawaona? Tena huenda wakubwa wakiona viti vitupu watashtuka, watamtoa Kobe kabatini. Na mtoto wa kwanza kuulizwa atakuwa nani? Akapiga moyo konde.

Jumamosi alijifunga mtandio ukabakisha macho, akamshika binti yake mkono, akapita vichochoroni kama mwizi wa kuku. Alipokata kona ya ukumbi, alisimama ghafla. Foleni ilikuwa imezunguka jengo.

Mbele yake alisimama mwanamume wa miwani myeusi, kofia ameivuta hadi masikioni, mapacha wamemning'inia mikononi.

"Samahani, kaka, foleni ndiyo hii?"

Yule mtu hakujibu. Cheche hakuwahi kukutana na ukimya wenye mashaka kama ule.

"Kimya!"

"Sijui unamsema nani," alijibu Kimya, kwa sauti iliyogeuza vichwa mpaka mlangoni.

"Uliapa, wewe!"

"Na wewe umekuja kuuza vibanio?"

"Jamani, msigombane mbele ya watoto," ilisema sauti nyuma yao. Alikuwa Nusu Mkate, mwanawe amembeba mabegani.

"Hata wewe, kaka yangu?"

"Mimi nimekuja kukagua bomba."

"Na mtoto?"

"Ananishikia spana."

Wakacheka, maana aibu ya wengi huwa na kicheko chake. Lakini kicheko hakikufika mbali. Mkurugenzi alitokea kwenye ngazi za mbele na mpiga picha, akanyoosha kidole toka mwanzo wa foleni hadi mwisho.

"Piga yote, usiache hata mmoja," alisema. "Hawa ndio waliosema watagoma. Unaona? Wanapenda."

Cheche alisikia kila neno. Uso ulimwaka chini ya mtandio. Wanapenda! Ndiyo, wanapenda, ndiyo maana wako pale. Na mapenzi yale yale yalikuwa yamechukuliwa mchana kweupe yakafanywa ushahidi dhidi yao. Alitaka kugeuka arudi nyumbani. Mdogo akamvuta mkono mbele.

Mlangoni alikuwapo mlinzi wa siku zote, mtu mrefu aliyeitwa Mlingoti. Zamani aliwasalimu watoto kwa kuinama mpaka chini. Leo aliinama kuwabandika beji, na macho aliyaficha. Ya Mdogo iliandikwa NYOTA 212.

"Mjomba, hili ndilo jina langu?"

"Ni beji tu, mwanangu."

"Jina nitapewa ndani?"

Mlingoti alitafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo.

Onyesho lilikuwa na mwanga mwingi na makelele. Kobe wa skrini alikuwa laini kama sabuni, alicheza muziki kwa miguu ya nyuma na alikuwa na meno meupe safu mbili. Kobe gani ana meno? Mwishoni alipunga mkono, akasema, "Asanteni, Nyota wangu wote! Kwaherini!" na taa zikawashwa.

Mdogo alikuwa ameshasimama. Alishuka kwenye njia ya katikati ya viti, mgongo umenyooka, ngumi imefumbwa, kama alivyofanya mazoezi kwenye mito. Akafika mbele. Ngazi za jukwaa zilikuwa zimeondolewa. Alisimama uso kwa uso na ukuta wa mbao unaomzidi kimo, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akageuka.

"Mama, ngazi iko wapi?"

Ukumbi ulisikia. Wakati huo huo mkurugenzi alikuwa ametokea jukwaani, kipaza sauti mkono mmoja, rimoti ya skrini mkono wa pili, kuja kuishukuru familia yake. Cheche alivua mtandio, akapanda juu ya kiti.

"Mkurugenzi! Umekuja na nini?"

Akatabasamu. "Maswali yote tutayapokea kwa utaratibu wa—"

"Umekuja na nini?" Huyo alikuwa Nusu Mkate.

"Umekuja na nini?" Huyo alikuwa Kimya, na sauti ya mnada haihitaji kipaza sauti.

Kisha ukumbi mzima, kina baba, kina shangazi, mabibi waliopewa majina yao kwenye jukwaa lile lile, wakapiga miguu chini: umekuja na nini, umekuja na nini. Swali lilikuwa jepesi. Watoto wenye mapengo walikuwa wamelijibu vizazi na vizazi. Mtu mzima mwenye suti alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama pembeni, hakuna aliyekuja kumwokoa. Basi akainua rimoti akabonyeza, akitumaini muziki utawafunika.

Skrini ikawaka. Kobe wa meno akasema, "Asante sana, Nyota! Wewe ni wa pekee!"

"Amekuja na rimoti!" Nusu Mkate akapasua kicheko.

"Rimoti!" ukumbi ukajibu. "Rimoti! Rimoti!" Mara tatu, kwa desturi. Mkurugenzi aliondoka jukwaani akiwa ameinamisha shingo, kama mtu anayetaka kuficha jina ambalo limeshaandikwa mgongoni.

Watu walisukumana kutoka nje, wakipongezana. Cheche hakumpongeza mtu. Ushindi gani, na mtoto bado ana namba kifuani? Alimkuta Mdogo mbele ya kabati la kioo.

"Ninyanyue."

Akamnyanyua. Mdogo aliweka mdomo kwenye kioo, akanong'ona, akangoja. Akangoja tena. Kisha akaomba kushushwa.

"Kasemaje?"

"Hasemi. Hana mkono."

Cheche alimweka chini. Alimgeukia Mlingoti, aliyesimama kando na funguo zake kiunoni.

"Mlingoti. Wewe ulikuja na nini?"

Mlinzi alikohoa. "Viatu vya kaka yangu. Vilinizidi mara mbili, watu wakacheka. Kobe akasema wasicheke, huyu atarefuka kama mlingoti, atavijaza." Alitazama viatu vyake, kisha akafungua kufuli. "Kibao kinasema usiguse," alisema. "Hakisemi usivae."

Cheche aliingiza mkono. Ndani kitambaa kilikuwa kimelainika kwa vidole vya bibi yule. Kila kidole na nafasi yake, kama kitanda kilichozoea mlalaji. Mkono wake ulinuka mafuta ya nywele. Akachomoza kichwa taratibu. Mdogo hakumtazama mama yake hata kidogo. Alimtazama Kobe.

"Umekuja na nini?"

Mdogo alifumbua ngumi. Kwenye kipande cha karatasi laini lilikaa jino. "Nilikuwa nimekuja na hili, nimekutunzia. Lakini sasa nimekuja na mama. Ana hasira sana. Nimemshika asimpige mtu."

Waliokuwa wakitoka walisimama. Mtu alicheka, mwingine akamnyamazisha. Kobe alirudisha kichwa ndani ya gamba, akakaa humo kidogo, akatoka tena. Macho ya msusi yalikuwa yamelowa, ya Kobe yalikuwa makavu kama vifungo vilivyo.

"Basi wewe ni Zimamoto."

"Zimamoto! Zimamoto! Zimamoto!"

Zimamoto alibandua beji, akaiacha ianguke, akaliweka jino kwenye gamba la Kobe. Na nyuma yake, bila mtu kuamrisha, walikuwa wameshajipanga mapacha wa Kimya, mtoto wa Nusu Mkate, na wengine waliorudi mbio kutoka barabarani, wakikanyaga namba zao sakafuni.

Mkurugenzi alishuka ngazi za ofisini mbio, na safari hii hata viatu vyake vilitoa sauti. "Nani amefungua hili kabati? Hii ni mali ya kampuni! Mlinzi! Irudishe kabatini mara moja!"

Cheche alifungua mdomo, lakini Zimamoto alimkaza mkono mwingine, ule usio wa Kobe. Mlingoti alijinyoosha mpaka urefu wake wote, akasimama kati ya mkubwa wake na watoto, akamwonyesha kwa kidole mlangoni, mbali, mwisho wa mstari.

"Foleni inaanzia kule nyuma, Rimoti."