Tundu la Sita

Maabara ya hospitali ile ilikuwa na kisanduku cha chuma chenye matundu manane. Kila tundu lilipokea waya wa mashine moja, na kisanduku kikapeleka majibu ya vipimo kwenye kompyuta za madaktari. Mwenye kisanduku alikuwa Fundi, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi na kiburi kisichohitaji uzi.

Ila umeme ukikatika ukarudi, matundu saba yaliamka na akili zake. La sita, la kipima damu, liliamka na wazimu. Badala ya majibu, kompyuta ilijaa alama, utadhani kuku kapita na matope miguuni. Fundi akiitwa huja bila haraka, akapandisha spidi ya tundu, akaandika jina la mashine, mambo yakatengemaa. Mpaka umeme ukatike tena.

"Mzee, mbona la sita tu?" mkuu wa maabara humwuliza.

"Uzee, mama. Hata mimi ukiniamsha ghafla hutaelewa nasema nini."

Wakacheka. Miaka miwili walicheka.

Siku ya mwisho ya Fundi kazini alimkabidhi kisanduku mrithi wake, mama wa maneno machache na macho mengi. Yule mama akazima umeme makusudi, akawasha, akalifungua tundu la sita kwenye skrini kabla Fundi hajaligusa. Spidi ya kobe. Jina: CHIRIKU.

"Mzee, kila mara unapanga upya, lakini husevu. Hujui kusevu?"

"Nilikuwa nasevu wewe hujaota meno."

"Basi Chiriku ni nani?"

Fundi akavua miwani, akaifuta pasipo na vumbi.

Chiriku alikuwa kitindamimba wake, aliyeanza kusema kabla ya kutambaa na hakupumzika tena. Kazi alijifunzia hapo hapo. Tundu la sita ndilo la kwanza alilolipanga peke yake, kwa printa kuukuu ya mwendo wa pole, akalipachika jina lake bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha homa, siku tatu tu. Viatu vyake mpaka leo viko kwa mshona viatu. Mwezi uliofuata printa ikaondolewa, kikaletwa kipima damu, na tundu tupu lilikuwa hilo.

"Umeme ukikatika anarudi," Fundi alisema. "Dakika kumi hivi, mpaka niitwe."

Mrithi akatazama dirishani. Kwenye benchi, mwanamke alikuwa amempakata mtoto wa homa, anangoja jibu la damu.

"Na yule anazingoja dakika zako," akasema, bila ukali. "Mimi siwezi kumfuta mwanao, baba. Kidole changu hakina haki hiyo."

Fundi akamtazama mtoto. Akavuta kiti. Akaweka spidi, akaandika KIPIMADAMU juu ya jina lile, herufi moja moja, kama mtu anayekwenda asikotaka kufika. Kisanduku kikauliza kama kihifadhi.

"Kidude kijinga hiki," akanong'ona. "Kinauliza kama hakijui."

Akabonyeza.

Mrithi akazima umeme, akawasha. Matundu yote manane yakaamka na akili zake, na majibu yakatoka safi. Mkuu wa maabara akachungulia mlangoni.

"Leo uzee umepona, mzee."

Fundi akacheka naye, kama walivyozoea. Kisha akachukua mfuko wake, akaenda kwa mshona viatu.