Chaki ya Fundi, Penseli ya Seremala

"Kitabu changu usinirudishie na mafuta ya mikono," Mwalimu alisema akijitazama kiooni, gauni lake jipya likiwa bado na pini kiunoni. "Wiki tatu sasa! Unakisoma au unakilea?"

Fundi alicheka kwa adabu, pini mdomoni. Neno hilo la kulea lilimchoma, lakini Mwalimu hakuwa na nia mbaya. Ulimi hauna mfupa.

"Nimeshamaliza, Mwalimu. Badilisha nguo, nami nikipanguse."

Kukipangusa ndiko kulikokuwa siri yake. Fundi alikuwa mlevi wa riwaya za mapenzi, si zile za kukutana leo na kuoana kesho, bali zile ambazo watu wanapendana na bado wanaumizana. Na kwa kuwa vitabu vilikuwa vya kuazima, maneno yaliyomgusa aliyapigia mstari kwa chaki ya buluu ya kuchorea nguo. Ukiipitishia kitambaa, imekwenda. Hiki kilijaa mistari. Kilihusu mke na mume waliozika mtoto wa siku nne.

Wa kwake aliishi siku mbili. Mumewe, seremala, alikuwa amekwisha kumtengenezea kitanda. Waliporudi kutoka makaburini alikifungua skrubu moja moja, akaziegemeza mbao ukutani, akarudi kuranda milango ya watu. Miezi mitano hakumtaja mtoto hata kwa bahati mbaya. Ukimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Tushukuru Mungu." Fundi alichoka kulia peke yake. Jumamosi angehamia kwa dada yake, na begi lilikuwa tayari chini ya cherehani. Moyo kama ule, alijiambia, ni jiwe tu.

Mwalimu alipoingia nyuma ya pazia, Fundi alianza kupangusa, ukurasa baada ya ukurasa. Buluu ikatoka. Ukurasa wa mia na kumi alipitisha kitambaa, mstari ukabaki. Akasugua tena. Ulikuwa mweusi, mnene, wa penseli bapa ile ambayo mumewe huichomeka sikioni. Ulipita chini ya maneno ya yule mume wa riwayani: "Hata mimi nilikuwa baba yake, ila kila aliyekuja alimpa pole mama."

Fundi aliketi. Akakumbuka wiki ile ya msiba, yeye kitandani, wanawake wamemzunguka, na mumewe akibeba viti. Viti tu, asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyemshika hata mkono. Hata yeye mkewe hakumwambia pole, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Haya, lete kitabu," Mwalimu alisema akitoka.

"Sikupi, Mwalimu."

"Makubwa haya!"

"Kimeingia alama isiyofutika. Nitakulipa kwa kukushonea gauni jingine."

Mwalimu alifungua mdomo amsute, akayaona machozi yake, akaufunga. "Basi kaa nacho, mdogo wangu," alisema.

Uani, randa ilikuwa ikienda na kurudi. Fundi alizunguka nyumba na kitabu mkononi. Mumewe hakuinua kichwa. Fundi akakiweka juu ya ubao, mbele ya randa, kikiwa wazi kwenye ule mstari mweusi.

"Pole, baba yake," alisema.

Randa ikasimama katikati ya ubao.