Maoni ya Molefi Pembeni mwa Kurasa

Ijumaa ya mwisho ya Agosti, upepo ukirusha vumbi mpaka ndani ya masufuria ya watu pale Ha Lekota, Malineo alikaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha vitabu akajaza fomu ya mwezi. Fomu ilikuwa na maswali matatu: umesoma nini, umeonaje, na mwezi ujao utasoma nini. Chumba kilijengwa na kampuni ya mgodi kwa ajili ya wajane, baada ya shimo namba tano, kule ng'ambo ya mpaka, kuporomoka na wanaume kumi na wanne kubaki chini. Wajane waliomba miili. Walipewa rafu tatu za vitabu, na mkate siku ya uzinduzi.

Mwezi ule alikuwa amesoma viwili na nusu. Cha kwanza kilikuwa cha mapenzi. Akaandika: "Msichana analia tangu ukurasa wa kwanza. Kufika wa mia nilitamani aolewe na yeyote ili tupumzike." Cha pili kilihusu ufugaji wa kuku: "Kizuri, ila mwandishi hajakutana na kuku wa huku." Cha tatu kilikuwa safari ya meli, nahodha kapotea baharini. Hapo kalamu ilisimama, maana kitabu hicho kilikuwa na maoni tayari, pembeni mwa kurasa, kwa penseli nene ya seremala. Mwandiko ulikuwa wa mumewe.

Molefi hakuwahi kusoma kitu bila kubishana nacho. Hata kitabu cha nyimbo cha kanisa alikijibu. Kwa hiyo mwandiko haukumsumbua Malineo. Vitabu vililetwa kwa maboksi miezi mitano baada ya mazishi, lakini nalo hilo aliliona ni la watu wa posta. Wala hakujali kwamba kurasa ambazo hajazifikia zilikuwa safi, penseli ikija pale tu macho yake yalipofika. Kilichomkaa rohoni ni hesabu ya siku.

Ukurasa wa tisa: "Siku ya pili. Nahodha huyu hata mbuzi usingempa achunge. Taa ya Thulo bado inawaka."

Ukurasa wa thelathini: "Siku ya nne. Tunagonga bomba kwa zamu. Wa juu wako kimya, labda wamekwenda kula."

Cheti cha kampuni kilisema wote walikufa siku ya kwanza, papo hapo. Siku ya tatu mdomo wa shimo ulizibwa kwa zege. Siku ya sita, kwa kuwa mwili haukuwapo, ukoo ulizika blanketi la Molefi, ukamnyoa Malineo kichwa na kumvika nguo nyeusi.

Ukurasa wa hamsini na mbili: "Siku ya saba. Baridi. Malineo, blanketi langu liko wapi?"

Malineo alifunga kitabu, akaenda bombani kuchota maji, akarudi.

Jumamosi alikipeleka kwa Ntate Ramoholi, yaani Mzee Ramoholi, baba mkubwa wa Molefi, ambaye wiki mbili mbele, mwaka ukitimia, ndiye angemvua nguo nyeusi. Mtama wa pombe ya shughuli ulikuwa umeshalowekwa. Mzee alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma mpaka kwenye blanketi.

"Tulimzika mapema," akasema.

"Tulizika blanketi, Ntate."

"Si ndilo hilo? Mtu yuko hai anajisomea, sisi huku tunachinja ng'ombe." Alikuna kidevu. "Nguo haivuliwi, mwanangu. Msiba huhesabiwa tangu mtu afe. Soma mpaka mwisho, utuletee siku yake."

"Na nisipoipata?"

"Utazeeka nayo. Nyeusi haionyeshi uchafu."

Njiani alikutana na Mpolokeng, mke wa Thulo, naye kavaa nyeusi yake. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Nasikia taa ya mume wangu inawaka."

"Siku ya pili ilikuwa inawaka."

"Na ya saba?"

"Hakumtaja."

"Basi kalala. Mtu alisinzia kwenye harusi yake mwenyewe, mgodi utamshinda?" Mpolokeng alifuta vumbi machoni kwa ncha ya shuka. "Soma polepole, dada."

Malineo alijaribu. Lakini kurasa zilikuwa chache, na Jumatatu asubuhi meli ilifika pwani. Chini ya neno la mwisho Molefi aliandika: "Siku ya kumi na moja. Wamefika, hongera zao. Nahodha alibahatisha. Mwezi ujao leta kinene zaidi."

Hakukuwa na siku ya kumpelekea mzee.

Saa nne akaja Ntate Hlalele, afisa wa mahusiano wa kampuni, kukusanya fomu. Malineo alimwekea kitabu mezani. Hlalele alikisoma chote akiwa amesimama, akilamba kidole kila ukurasa.

"Siku kumi na moja," akasema. "Na zege siku ya tatu."

"Ndiyo, Ntate."

"Cheti kimeshapigwa muhuri, mama. Na zege lile ni mita nne." Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Kisha akatoa kalamu, akafungua ripoti yake, akatafuta mstari wa idadi ya wasomaji waliofikiwa na mradi, akakata kumi na nne, akaandika kumi na tano. Akaonyesha tangazo ukutani linalokataza kuandika ndani ya vitabu. "Umkumbushe."

Alipoondoka, Malineo alipima vitabu vya rafuni kwa kiganja. Kinene kuliko vyote kilikuwa kanuni za usalama migodini, zawadi ya kampuni, kurasa mia saba na kumi, na uti wake haujawahi kukunjwa. Alikiandika kwenye fomu mpya, ya Septemba. Akajifunga shuka, akakaa, akausoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, neno kwa neno.

Penseli ilikuja taratibu, imefifia kidogo.

"Siku ya kumi na mbili. Hiki mwisho wake naujua."

Malineo akafunua ukurasa wa pili.